Mwisho wa Mfalme Sanharibu

Maskati, 3 Novemba 1968

Dada yangu Kheiria,

Salamu zako na za Mama nimezipata. Mimi mzima, ila macho yananiwasha kwa vumbi. Nakaa Sidab kwa mjane mmoja aliyenipa chumba cha uani, na kila asubuhi navuka mlima kwa miguu mpaka ofisini Maskati. Nguo zangu zote zinanuka dagaa wanaoanikwa mlangoni. Usimwambie Mama.

Kazi nimepata. Naandika kwa Sheikh Marhoon, anayepokea maombi ya watu wetu waliotoka Unguja wanaotaka kuingia nchini. Anayachambua, mimi natengeneza orodha, na orodha inapelekwa kwa wakubwa Salala, anakokaa Sultani na mwanawe. Jina likirudi na muhuri, mtu anapanda meli. Lisiporudi, hakuna anayeuliza. Hapa hatuulizi. Hilo nimejifunza siku ya kwanza, na mimi, unavyonijua, sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Sheikh alikaa Unguja miaka ishirini na Kiswahili chake ni cha mtaa wetu wa Malindi kabisa. Macho yake yanamwisha. Wiki iliyopita alinikuta na kile kitabu cha Baba cha Kiingereza, cha historia ya Ashuru. Nilitaka kukificha, maana vitabu vya kigeni hapa vinatazamwa kwa jicho baya. Akakichukua, akakipapasa, akasema, "Nisomee." Nikaanza kumfasiria kwa Kiarabu. Hata sentensi ya pili sijaimaliza akainua mkono: "Basi, mwanangu, basi! Kiarabu chako kama mtu anatafuna kokoto. Lete Kiswahili." Tangu hapo kila siku baada ya alasiri namsomea habari za Mfalme Sanharibu na vita vyake.

Majina yenu bado sijamtajia. Nangoja siku atakayokuwa na furaha.

Jambo moja ulijue. Barua ikifika hapa kutoka kwenu, sifungui mimi. Watu wa Unguja hukusanyika barazani kwa Sheikh, na Ishaq, karani mwenzangu, huisoma kwa sauti, maana kila mtu ana njaa ya habari za huko. Ukiwa na neno langu peke yangu, liandike kwenye karatasi ndogo, uikunje, uandike jina langu juu. Hiyo nitapewa mkononi haijafunguliwa. Hiyo ndiyo ada yao na wanaiheshimu.

Nduguyo,
Majid

Mombasa, 6 Desemba 1968

Majid mdogo wangu,

Nawasalimu wote mlio barazani, na niliyemsahau ajisalimie mwenyewe kwa niaba yangu. Huku Kibokoni mvua zimekwisha. Bi Mahbuba kapata mjukuu wa kiume. Mzee Sleyum aliyekuwa na duka Darajani yu hai, wanawe wasiwe na wasiwasi, anaringa na fimbo mpya.

Sheikh Marhoon, shikamoo. Nimefurahi kusikia unapenda habari za Sanharibu. Miaka sita niliwasomesha wasichana wa skuli historia ile. Mwambie Majid akusomee vizuri pale mwanzo: baba yake mfalme alikufa vitani, ugenini, na maiti yake haikupatikana wala haikuzikwa. Baba alikuwa amejenga mji mpya wa fahari. Mtoto aliuhama, akaenda Ninawi, na katika maandishi yake yote, ya vita na ya majengo, jina la baba yake karibu halimo. Wasichana wangu walikuwa wakisema ana roho mbaya. Mimi nikiwaambia, labda alishindwa kulitamka.

Wasalaam,
Kheiria binti Harub

(Karatasi iliyokunjwa: kwa Majid)

Mama bado hamtaji Baba. Mwaka wa tano huu tangu atoke nyumbani Unguja asubuhi ile ya Januari asirudi. Akitaka kumsema anasema "yule". Nikiandika habari ya Sanharibu nilikuwa namtazama yeye, kaniinamia begani, hajui ninaandika nini.

Watu wa uhamiaji wametuambia kibali chetu hapa hakitaongezwa baada ya mwisho wa mwaka ujao. Kifua cha Mama si kizuri. Usingoje siku ya furaha, Majid. Ukingoja wewe tutazeeka. Mtajie.

Maskati, 27 Januari 1969

Dada Kheiria,

Barua yako ilisomwa mara tatu. Mwana wa Mzee Sleyum alilia kwa ajili ya ile fimbo. Ishaq ana sauti kama ya muadhini, na alipofika mahali pa baba asiyezikwa, watu walimwomba aparudie. Wengi hapa wana wa kwao.

Sheikh alisema, "Dada yako huyu angekuwa mwanamume ningemwajiri, wewe ukachote maji."

Tumefika kwenye Babeli. Sanharibu alimtawaza mwanawe mkubwa huko, adui wakamteka kijana wakaondoka naye, na hakuonekana tena. Ndipo baba alipoivamia Babeli. Alivunja nyumba, akaua, kisha akachimba mifereji akaufungulia mji maji, ili hata msingi usionekane. Ni mfalme huyo huyo aliyeleta maji kutoka milimani kwa daraja la mawe, ayanyweshe mabustani ya Ninawi. Sheikh ni mtu wa bara ya huku, na falaji ya kijijini kwao, ule mfereji unaowalisha wote, umekauka. Kuua hakukumshangaza. Maji ndiyo yaliyomuudhi. "Mtu anayejua kuyaleta maji!" alisema. "Anayajua, kisha anayafanya vile!" Siku hiyo hakutaka niendelee.

Kuna picha moja kitabuni siipendi. Askari wanaleta vichwa vya waliouawa, wanavirundika. Pembeni wamesimama makarani wawili, wamejiweka vizuri, nguo safi, wanahesabu na kuandika. Hakuna anayewagusa. Naitazama kila siku kabla ya kufunga kitabu.

Sasa habari njema. Nimemtajia. Nilikuwa nimeshika meza. Akasema tu, "Mama mtu na dada mtu? Waandike." Nyinyi ni namba kumi na nne na kumi na tano. Orodha itaondoka katikati ya mwaka.

Nduguyo,
Majid

Maskati, 2 Aprili 1969

Dada Kheiria,

Kitabu tumekimaliza. Sheikh amependezwa sana na mwisho wake, hata akaniamuru niandike muhtasari wa habari yote kwa Kiarabu, Ishaq akinisahihisha, kwa mwandiko mzuri na wino mweusi. Umepelekwa Salala kama zawadi kwa wakubwa. Ishaq sasa ananiita Karani wa Ashuru. Nikiingia anasimama na kuniinamia mpaka chini, na watu wanacheka.

Mengine nitakueleza mtakapofika. Si kila kitu cha kutiwa katika barua.

Mwambie Mama aanze kufunga vitu, lakini asiwaambie majirani.

Nduguyo,
Majid

Mombasa, 5 Mei 1969

Majid, na wote wa barazani,

Leo nawaandikia nikiwa na furaha. Bi Mahbuba anawasalimu, mjukuu ameota jino. Kina Yaarub, walioomba kama sisi, wanasema wako tayari wakati wowote, sanduku zao ziko ukumbini na watu wanajikwaa.

Sheikh Marhoon, shikamoo. Majid ameniandikia kwamba umependezwa na mwisho wa Sanharibu, nami nimekaa siku tatu nawaza. Umependezwa na upi, Sheikh wangu? Ni mwisho unaotisha kuliko vita vyake vyote. Mtu ameshinda Sidoni, ameshinda Lakishi, amemfungia mfalme wa Yerusalemu mjini mwake kama ndege tunduni, hakuna jeshi lililomweza. Kisha anakuja kuuliwa na wanawe wa kuwazaa, akiwa anasali! Kwa sababu alimpa urithi mtoto mdogo, wakubwa wakaona wamedhulumiwa. Au umependezwa kwa sababu ni haki, baada ya yale maji ya Babeli? Wasichana wangu waligawanyika nusu kwa nusu darasani, wakakaribia kuvutana nywele. Nimemsomea Mama sehemu hii kabla ya kuitia bahasha. Amecheka, akasema, "Mwambie Sheikh nikifika nna la kumjibu na mimi."

Tunangoja kwa hamu.

Kheiria binti Harub

(Karatasi iliyokunjwa: kwa Majid)

Umeona nilivyompamba Sheikh? Nimeitia historia kwenye barua kubwa makusudi, aisikie mbele za watu, ajue anawaleta watu wenye maana. Mama anakohoa damu kidogo. Hilo usimwambie mtu, wasije wakatukataa kwa maradhi.

Sidab, 9 Juni 1969

Kwa Mheshimiwa Sheikh Marhoon,

Baada ya heshima zote, naandika kwa sababu umenikataza kuvuka mlango wa ofisi, na sina njia nyingine.

Nakiri kosa langu. Nilipofika ukurasa wa mwisho niliona imeandikwa kwamba mfalme aliuawa na wanawe. Niliwaza habari za baba na mtoto walioko Salala, na za nani anarithi, na nani anasikiliza nyuma ya mlango. Nikakusomea kisichokuwamo: kwamba alikufa mzee, kitandani, wanawe wote wakiwa wamemzunguka, akiwagawia mabustani. Ulifurahi, ukasema hatimaye yale maji yamekwenda mahali pema. Nilitaka kusema kweli kesho yake. Kesho yake ukaniamuru niandike. Nikaandika uongo ule ule kwa wino mweusi.

Dada yangu hakujua lolote. Aliandika kukupendeza. Ishaq alisoma kilichoandikwa. Kosa ni langu peke yangu.

Nakuomba, nikipewa adhabu, iwe juu yangu. Mama yangu ni mgonjwa na muda wao Mombasa unakwisha. Namba kumi na nne na kumi na tano hazijafanya kitu.

Mtumishi wako,
Majid bin Harub

Maskati, 16 Juni 1969

Majid,

Sheikh anasema, nami Ishaq naandika kama anavyotamka:

"Nimeishi na watu wenye hofu, na mimi mwenyewe ninayo, sikulaumu kwa kuwa nayo. Lakini sikiliza. Kitabu kinamsema mfalme aliyekufa kabla ya Nabii Isa kuzaliwa. Tangu hapo wameuliwa wangapi? Historia imejaa. Ungelisoma kama kilivyo, ningesema 'Subhanallah', tukanywa kahawa. Wewe ndiye uliyemtoa Ninawi ukamleta hapa. Dada yako aliposema kweli, kila aliyekuwa barazani alijiuliza jambo moja tu: kwa nini karani aliubadilisha mwisho, na alikuwa akimfikiria nani? Waliuliza kimoyomoyo, lakini niliwasikia.

"Maandishi yako yako Salala. Yumo huko mtu anayekijua kitabu hicho, au atakuwamo. Jina la jamaa zako likifika mbele ya watu hao, watauliza, huyu si yule karani? Hapo itakuwa wewe, na mimi, na Ishaq, na wote walio katika orodha. Nimewanyamazisha wa barazani. Orodha imeondoka jana. Namba kumi na nne na kumi na tano nimezikata kwa mkono wangu. Usiniombe tena.

"Rudi kazini mwezi ujao. Sina mwandiko mwingine kama wako."

Amekwisha. Haya ni yangu: Majid ndugu yangu, nilisoma kama ninavyosoma siku zote, nikainua sauti pale pa kuinua. Nilipoiona sura yako nilikuwa nimeshafika kwenye sala. Nisamehe.

Ishaq

Sidab, 20 Julai 1969

Dada Kheiria,

Samahani kwa ukimya, nilikuwa na homa. Barua yako ya Mei ilifika na ilisomwa. Watu wanakusalimu.

Orodha imekwenda. Hakuna jibu bado. Mambo haya hayana haraka. Barua zijazo usitaje tena vitabu, Sheikh macho yamemzidi na hataki kusikia kusoma. Andika habari za watu tu.

Mpe Mama asali kwa kifua.

Majid

Mombasa, 14 Novemba 1969

Majid, na wa barazani,

Kina Yaarub wamepata muhuri. Wote saba wameondoka na meli ya juzi. Nawapongeza. Mpokeeni Bi Yaarub taratibu, anaumwa na bahari.

Sisi salama.

Kheiria

(Karatasi iliyokunjwa: kwa Majid)

Nimeiona kwa macho yangu orodha iliyokuja na vibali vyao, Majid. Ni ile moja, ya katikati ya mwaka. Baada ya jina la kumi na tatu wanafuata watu wengine, na sisi hatumo. Tumehamia chumba kimoja Changamwe, ambako hawaji kuuliza vibali. Mama anauliza kila siku, "Huyu mtoto aliyapeleka kweli?" Nikamwambia ameapa. Akasema, "Majid huyo. Tangu mdogo akitumwa dukani hurudi na pesa mkononi, anaogopa kumwita muuzaji."

Nijibu.

Maskati, 22 Desemba 1969

Dada Kheiria,

Nitajaribu orodha ijayo. Nisamehe kwa ufupi. Mwambie Mama nampenda.

Majid

Mombasa, 2 Machi 1970

Majid,

Mama anakusalimu. Hajambo. Anasema usijishughulishe sana, kazi yako isije ikaharibika.

Kheiria

Maskati, 11 Agosti 1970

Dada Kheiria,

Bila shaka mmesikia redioni. Kule Salala nafasi ya baba imekaliwa na mtoto, na watu wamejaa njiani mchana kutwa wakipiga ngoma. Mlango wa mji haufungwi tena usiku. Wametangaza kwamba watu wetu walio Afrika warudi, kila mwenye elimu anatakiwa. Hakuna orodha ya kwenda Salala. Vibali nagonga muhuri mimi mwenyewe, dada, kwa mkono wangu, ishirini kwa siku!

Sheikh amestaafu kwao bara. Ishaq anatembea akiimba.

Nimeshatengeneza chenu. Nimepata nyumba ndogo Darsait, ina kivuli na kisima hapo hapo, Mama hatapanda mlima. Nitumieni siku ya meli tu.

Nduguyo,
Majid

Mombasa, 7 Septemba 1970

Majid,

Mama alifariki tarehe 19 Januari. Alizikwa Changamwe, nilisimamia mimi na majirani wawili. Nilikuandikia kwamba anakusalimu kwa sababu nilikuona peke yako huko, na niliogopa ungejifanyia ubaya. Mara moja tu niliweza kuuandika uongo ule. Baada ya hapo nilinyamaza.

Sasa kitengeneze kibali cha mtu mmoja, au usikitengeneze. Inategemea jibu lako.

Nataka kujua kwa nini. Walipita kina Yaarub, walipita watu wasiojua kusoma, wagonjwa walipita. Sisi tulikatwa, au hatukuwamo kabisa. Mama alikufa akiamini hukuyapeleka majina. Kama kuna mtu aliyetukata, niambie ni nani na kwa neno gani, nitamsamehe au sitamsamehe, lakini nimjue. Tangu Januari nalala nikizipitia barua zangu zote moja moja, natafuta kama kuna neno niliandika vibaya. Sikuliona. Ile ya Sanharibu ninaikumbuka yote kwa moyo. Ndiyo siku ya mwisho Mama kucheka. Katika miaka yote hii hiyo ndiyo barua pekee ninayojivunia.

Sema kweli, Majid. Usiogope mara hii.

Kheiria

Maskati, 19 Oktoba 1970

Dada Kheiria,

Barua yako niliomba isisomwe barazani. Ishaq alinipa bahasha nzima na akatoka nje.

Nimekaa na kalamu wiki mbili. Jibu ni fupi.

Mama alinijua. Majina sikuyapeleka. Nilipokuandikia kwamba nimemtajia Sheikh, na kwamba ni namba kumi na nne na kumi na tano, nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi yangu tu, nikaitia katika saraka ya meza. Niliogopa ataniona naitumia ofisi kuwaletea jamaa zangu. Kila wiki nikisema wiki ijayo, mpaka orodha ikaondoka. Pengo uliloliona ni langu. Hakuna aliyewakata, si Sheikh, si Ishaq, si mtu wa Salala. Barua zako zilikuwa nzuri zote, na ile ya Mei kuliko zote. Sheikh aliizungumza mpaka siku aliyoondoka. Usizipitie tena, hakuna kitu humo.

Kibali chako kimo ndani ya bahasha hii, kina jina lako peke yako, na hakina mwisho wa muda. Ufunguo wa nyumba ya Darsait anao Ishaq. Akijua meli yako atakupokea bandarini Matrah na kukupeleka. Skuli za wasichana zinafunguliwa na hawana mwalimu wa historia. Nimewatajia jina lako. Nimelitaja kweli, kwa mdomo wangu, mbele ya watu watatu.

Mimi nitabaki Sidab. Sitashuka bandarini mpaka uniite.

Majid